Nilijivika Chaki ya Mke Wangu Mbele ya Baba Yake

Nimekosa. Naanza na hilo kwa sababu najijua, nikianza na mengine nitazunguka mpaka ukurasa uishe kabla sijasema chochote. Nimekosa, na aliyenikosesha ni mimi mwenyewe, si shetani wala si marafiki wabaya.

Jina langu silitaji. La mke wangu ndilo ningependa kulitaja, tena kwa herufi kubwa, lakini amenikataza. Kwa hivyo nitamwita vile watu wa hapa kwetu Uriri walivyomwita tangu siku niliyomleta: Nyar Rusinga, yaani binti wa Rusinga.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Natengeneza milango, madirisha, vitanda vya shule, chochote utakacho. Yeye ni mwalimu wa chekechea. Tulianza kuishi pamoja vile vijana wengi wanaanza siku hizi, kabla hata ng'ombe mmoja hajaenda kwao.

Baba yake alifundisha shule ya msingi kule kisiwani mpaka akastaafu, na akastaafu na kifua kibovu. Mzee akianza kukohoa, mnamngojea amalize ndipo mazungumzo yaendelee. Mwenyewe aliamini ni vumbi la chaki lililomwingia miaka yote hiyo, na hakuna daktari angemwambia kingine. Mke wangu alikua akisikia hicho kikohozi. Halafu naye akasomea ualimu, akapewa darasa, akafungua pakiti ya chaki, na jioni akarudi nyumbani anapenga vumbi jeupe.

"Hii kitu ilimla Baba," akaniambia. "Sasa inataka kunila mimi na watoto wa wenyewe."

Mwingine angenunua kitambaa cha kufunga pua. Yeye akaanza kupika chaki.

Nasema kupika kwa sababu alipika kweli! Akienda kuwasalimu wazazi alirudi na gunia la maganda ya konokono wa ziwani, yale meupe ambayo watu husagia kuku. Aliyaosha, akayaanika, akayatwanga kwenye kinu, akayachekecha kwa leso kuukuu. Ule unga akauchanganya na uji mwepesi wa muhogo. Akamimina ndani ya mikono ya majani ya mpapai, ile iliyo na tundu katikati. Ikikauka anaichana, anatoa chaki.

Zilivunjika, jameni! Zilizokataa kuvunjika zilitoa vumbi kushinda za dukani. Nilimcheka, nakubali. Nilimwita Daktari wa Konokono mbele ya wateja wangu. Alinirushia kipande kikanipata shingoni, tukacheka wote wawili mpaka mteja akauliza kama tumerukwa na akili. Wakati huo nyumba yetu ilikuwa ya kucheka sana.

Jibu alilipata kwenye sufuria ya mboga. Unajua mrenda, ile mboga sisi Wajaluo tunaiita apoth, ukiichemsha na magadi inateleza na kuvutika. Siku moja alikuwa anaipakua, ikamwagikia meza, na asubuhi akakuta imekauka na imeshika mbao kama gundi. Akasimama pale na kitambaa cha kupangusia mkononi, hapangusi. Nilimwuliza kuna nini. Akaniambia nyamaza kwanza.

Aliongeza maji ya mrenda kwenye ule uji wa muhogo. Ikamchukua muda kupata kipimo, maana ukizidisha chaki inakuwa ngumu kama jiwe na haiandiki. Lakini alipata. Alikuja mbio karakana, akachukua bati nililokuwa nimelipaka rangi nyeusi, akaandika, akafuta, akapuliza.

"Ona! Haipeperuki! Vumbi linaanguka chini!"

Wueh! Mwanamke akalia. Akaketi juu ya fremu ya mlango wa mtu akalia huku anacheka.

"Hii nampelekea Baba mwenyewe," akasema. "Usimwambie mtu. Siku tukipeleka ng'ombe, nataka nimpe kwa mkono wangu, aandike, apulize, aone."

Mimi nilichofanya ni kalibu. Nilikata mabomba membamba ya chuma, nikayapasua katikati, nikayaunganisha kwa bawaba ili uweze kufunga, kumimina, na kufungua chaki zikitoka nyingi kwa pamoja. Mikono ya mpapai ikapumzika. Hapo ndipo mchango wangu ulipoanzia na hapo ndipo ulipoishia. Tafadhali kumbukeni hilo, kwa sababu mimi nililisahau.

Siku ya kwenda kupeleka ng'ombe ikakaribia. Kwetu, bwana harusi hasemi mbele ya wakwe. Anakaa, anatazama chini, anasemewa. Msemaji wangu alikuwa Baba Mdogo, ndugu ya marehemu baba yangu, mtu mwenye mdomo mtamu na asiyejua kupunguza. Ndiye tuliyeenda naye Ogwedhi kuchagua ng'ombe, na mpaka tunatoka sokoni kila mchungaji alikuwa anajua ukoo wetu ni ukoo wa maana.

Tukitoka Ogwedhi alipita karakana yangu. Akaona kalibu. Akaona chaki zimepangwa kwenye ubao zinakauka. Akachukua moja, akaandika kwenye lile bati, akafuta, akapuliza, macho yakamtoka.

"Omera, ndugu yangu! Hii ni kazi yako?"

Sasa sikilizeni. Ningeweza kusema, kalibu ni yangu, chaki ni ya mke wangu. Si maneno mengi! Lakini mzee alikuwa ananitazama vile baba yangu hakuwahi kunitazama. Nikajibu, "Si unajionea mwenyewe?"

Hilo ndilo jibu nililotoa. Si uongo, si ukweli. Akacheka, akanipiga bega, akatia chaki kadhaa mfukoni mwa koti. Nikamwona akitia. Nikanyamaza.

Rusinga tulipokelewa vizuri sana. Wanaume tukakaa ndani ya nyumba ya Mzee, wanawake wakawa jikoni, mama mkwe kule asikoonana na mimi vile desturi inavyotaka. Mke wangu alikuwa na wenzake jikoni. Chaki zake alikuwa amezifunga kwenye leso mpya, ameziweka chumbani, anangoja watu wale ndipo ampe baba yake.

Baba Mdogo akasimama kujigamba. Kwetu hiyo ni sehemu ya sherehe, pakruok, mtu anajisifu na kusifu watu wake na wengine wanashangilia. Akasifu ng'ombe. Akasifu babu zetu. Halafu akaingiza mkono kwenye koti.

"Mwalimu, nimesikia kifua chako kiliharibiwa na chaki. Basi mtoto wetu huyu, huyu mnayemwona ametazama chini, ametengeneza chaki isiyo na vumbi! Kwa kichwa chake mwenyewe! Ndiye mkwe mliyepata. Semeni kama ni wa kawaida!"

Watu wakashangilia. Mzee akaomba ubao. Ulikuwepo mmoja wa zamani ameuegemeza ukutani, aliutumia kuwafundisha watoto wa majirani. Akaandika. Akafuta kwa kiganja. Akapuliza, akangoja kukohoa. Hakukohoa.

Wakati huo huo mke wangu akaingia na jagi na beseni, kutunawisha mikono.

Alimkuta baba yake ameshika chaki yake. Alimkuta amesimama mbele yangu, amenishika mkono kwa mikono yake yote miwili, na machozi yanamlengalenga.

"Orwa," akaniambia, yaani mkwe wetu, "ungezaliwa mapema kidogo, mimi leo ningekuwa na kifua."

Nyar Rusinga akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu. Nilijiambia bwana harusi hasemi. Haki ya Mungu, hivyo ndivyo nilivyojiambia!

Akatunawisha mikono yote, mmoja baada ya mwingine, hakumwaga hata tone. Zile chaki za kwenye leso alirudi nazo Uriri.

Nyumbani hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliniuliza tu, "Kwa nini hukumrekebisha?"

"Ningemwaibisha Baba Mdogo mbele ya wakwe?"

"Na mimi?"

Nikainama kufungua viatu.

"Basi mpigie Baba simu umwambie," akasema. "Nikimwambia mimi, nitakuwa mke anayempokonya mume wake sifa mbele ya watu wake. Ataniamini nusu. Ukimwambia wewe, itakuwa imekwisha, na tutacheka."

Nikamwahidi kesho. Hiyo kesho nikaisogeza, nikaisogeza tena. Kila nikishika simu, Mzee alikuwa ameshaniwahi. Alinipigia yeye! Ananiuliza habari za kazi, ananiambia amewaonyesha walimu wa Mbita, amesimama kanisani akashuhudia. Sasa utaanzia wapi? Mtu anakuita mwanangu, wewe umwambie nini?

Halafu mambo yakakimbia. Kukawa na maonyesho ya mafundi kule mjini Homa Bay, nikaalikwa kama mvumbuzi. Nikaenda! Nilivaa koti. Watu wa redio wakanihoji kwa Kijaluo, wakaniuliza wazo nililitoa wapi. Nikasema lilinijia nikiwa natazama mrenda ukichemka. Mimi! Mwanamume ambaye kabla ya siku hiyo sikuwahi hata kukoroga uji nyumbani kwangu!

Mke wangu alisikiliza hayo maneno akiwa jikoni, akichemsha mrenda wa chaki zangu. Najua kwa sababu nilimkuta redio bado inaongea na sufuria inafurika, na yeye ameketi kwenye kigoda, hajashtuka.

Tangu siku hiyo alizungumza nami kama na mtu mnayefanya kazi pamoja. Maganda yameisha. Kalibu imeshika kutu. Shule fulani inataka chaki. Alipika, nikauza, watu wakanisifu. Kile kicheko kikaondoka. Sikuona kikiondoka, nilikuja tu kugundua hakipo.

Kisha Mzee akazidiwa na kifua. Mke wangu akaniambia anaenda kumtunza. Akamchukua na binti yetu, mtoto wetu wa pekee, bado mdogo. Nikadhani ni ya muda. Shule zikafungwa, zikafunguliwa, akapata darasa huko huko kisiwani, na mimi bado naambia watu ameenda kuuguza.

Nyumba yangu ikawa kimya, jameni. Nilianza kupika chaki mwenyewe. Sufuria ya mrenda ikichemka nyumba inanukia kama kuna mtu jikoni, mara nyingine najikuta nainua kichwa nimwite. Majirani wananiita Mvumbuzi. Wanapita, wanapunga mkono, wanaenda kwa watu wao. Nakula nimesimama, kwa sababu ukiketi mezani peke yako kile kiti kingine kinakutazama.

Nikaona siwezi. Nikamwomba Baba Mdogo na shangazi yangu twende tumfuate. Kwetu mke akienda kwao, mume anamfuata na watu wake, anaketi mbele ya wakwe, na mara hii haruhusiwi kusemewa. Lazima ataje kosa lake kwa mdomo wake. Akilitaja na likasikika, mke anarudi.

Tukaenda Rusinga. Mzee alikuwa kwenye kiti, amefunikwa shuka, amekonda. Ukutani, juu ya kichwa chake, alikuwa ametundika picha yangu ya maonyesho ya Homa Bay. Ameitia kwenye fremu. Picha ya harusi ya binti yake mkubwa, dada ya mke wangu, ilikuwa chini yake.

Akaniambia, "Orwa, tunakupenda. Lakini msichana wetu amekaa hapa muda, na kila tukimwuliza, anasema mngojeni mwenyewe aje awaambie. Sasa umekuja. Tuambie, ulimkosea nini?"

Nyar Rusinga alikuwa amesimama mlangoni. Alivaa vizuri. Alikuwa ananitazama, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya ng'ombe uso wake ulikuwa laini. Alikuwa ananisukuma kwa macho, sema, sema tu.

Nikafungua mdomo. Nikaiona ile picha. Nikamwona Mzee ananitazama kwa mapenzi yote hayo. Nikaona akilini mwangu akikohoa kwa mshtuko, labda akafa pale pale, na mimi ndiye niliyemuua. Hizo ndizo sababu mwoga hujipa, na nilizikusanya zote.

Nikasema, "Ni pombe, Baba."

Mimi sinywi! Sijawahi! Hata busaa sijaionja, nimelelewa kanisani, Baba Mdogo mwenyewe hunicheka kwa sababu hiyo. Alinigeukia na mdomo wazi.

Lakini uone jinsi wengine walivyofurahi! Kosa la pombe kila mtu analijua dawa yake. Wazee wakapumua. Mmoja akanipa nasaha, mwingine akakumbuka siku zake za chang'aa na watu wakacheka, shangazi akaomba radhi kwa niaba ya ukoo. Mzee akanishika mkono akaniambia, "Asante kwa kusema ukweli, mwanangu. Kumbe ni hilo tu! Nitakuombea."

Wakamwita mke wangu aseme kama amesikia.

"Sirudi, Baba," akasema. "Huyu hajasema."

"Hajasema nini tena? Si amekiri?"

"Yeye anajua."

Akageuka akaenda jikoni. Wakamwona ana kichwa kigumu! Baba yake akanipa pole! Mimi ndiye niliyepewa pole katika nyumba ile.

Tulipokuwa tunaingia kwenye gari, shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, akanifuata hadi dirishani. Hakuwa na heshima ya ushemeji siku hiyo.

"Mfuko wake uko tayari nyuma ya mlango tangu asubuhi," akaniambia. "Amemsuka mtoto nywele za safari. Alituambia leo atasema, namjua, leo atasema. Ulikuwa umwambie nini ambacho ni kigumu hivyo?"

Ningeshuka. Dereva alikuwa amewasha injini, Baba Mdogo anataka tuvuke daraja la Mbita kabla ya mvua, shangazi analalamika miguu. Ningeshuka tu! Nikamwambia shemeji, nitapiga simu.

Njiani Baba Mdogo hakunipa amani.

"Tangu lini unakunywa? Pombe gani hiyo nisiyoijua mimi?"

Hata yeye sikumwambia.

Simu sikupiga. Mzee hakumaliza mwaka.

Kwenye mazishi, sisi wakwe tuna hema letu. Nilikaa humo na watu wangu, na fahali niliyemleta, vile mkwe anavyotakiwa, amefungwa kwenye mti anaonwa na kila mtu. Watu wakasimama mmoja mmoja kumsifu marehemu. Kila mmoja alikuwa rafiki yake mkubwa, kila mmoja alikopeshwa hekima. Mnajua mazishi yetu. Kisha mshereheshaji akashika kipaza sauti akasema sasa tumsikie mkwe, yule mvumbuzi wa chaki.

Nikasimama. Sijui nguvu zilitoka wapi. Jeneza lilikuwa pale mbele, na labda hilo ndilo lililonipa ujasiri, mwoga mimi, maana sikuwa tena na macho ya kutazamana nayo.

Nikasema, "Chaki ile si yangu. Aliyeivumbua ni binti wa marehemu, mke wangu. Alitwanga maganda yeye, alipika mrenda yeye, alifanya hivyo kwa ajili ya kifua cha baba yake. Mimi nilitengeneza chuma cha kumiminia tu. Mzee hakuwahi kujua, na kosa ni langu."

Nilingoja wanizomee.

Wakapiga makofi!

Wallahi walipiga makofi! Akina mama wakapiga vigelegele. Mshereheshaji akachukua kipaza sauti, "Mmeona unyenyekevu, wananchi? Mtu mkubwa hivi anampa mke wake heshima siku ya msiba wake! Wanaume wa Homa Bay, wanaume wa Migori, mnasikia?" Na mchungaji naye akanichukua mahubirini, akanifanya mfano wa mume mwema. Hakuna hata mmoja aliyeniamini. Walidhani namfariji mke wangu, vile mtu husema maneno mazuri penye kaburi. Nilisema ukweli wangu wote na nikatoka nimesifiwa kuliko nilivyoingia.

Nilimtafuta. Nilimkuta nyuma ya nyumba kwenye masufuria makubwa, anasaidia kupakua chakula cha wageni.

"Nimesema," nikamwambia. "Umenisikia? Nimesema mbele ya watu wote."

Aliendelea kupakua. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo.

"Nimekusikia," akasema. "Umewaambia watu wote. Mimi nilitaka umwambie mmoja."

Kisha akampa mtu sahani, akasema samahani, ana wageni.

Hatujaachana rasmi. Anapokea simu zangu. Tunaongea habari za mtoto, karo, homa, viatu. Nikimwomba msamaha anasema alishanisamehe, na anasema kweli, nasikia kwenye sauti. Nikimwomba arudi anasema ana darasa. Nikamwambia sasa nitaandika haya kwenye karatasi, nitaje jina lake, nchi nzima ijue. Akaniambia, "Usilitaje. Nani atakayesoma ambaye nilitaka ajue?"

Kwa hivyo wewe unayesoma, pengine unacho kitu cha mwenzako ambacho watu wamekuvisha kwa makosa. Pengine kazini, pengine ni mpishi wako wa nyumbani, pengine ni ndugu yako aliyekufanyia hesabu ukapata cheo. Kimekukaa vizuri, najua! Kivue leo. Usingoje mahali pa heshima, usingoje msemaji anyamaze, usiseme utamwaibisha baba mdogo. Aibu ya siku ile ingekuwa ya dakika chache na kicheko juu. Yangu hii nalala nayo.

Na ukiamua kukiri, kiri kosa lenyewe, usimtafutie mtu kosa jepesi la kumpa. Nawaambia kwa nini.

Siku hiyo ya mazishi, nikiwa naondoka, shemeji alinifuata tena. Mama mkwe hawezi kusema nami uso kwa uso, kwa hivyo alimtuma. Alitaka kujua kama nimeacha pombe. Alisema Mzee aliniombea kila asubuhi, hata alipokuwa hawezi tena kuketi, alitaja jina langu kabla ya kutaja kifua chake. Sasa mama naye anataka kujua kama maombi yalijibiwa, ili moyo wake utulie.

Shemeji akasimama pale anangoja jibu la kumpelekea mjane.

Nikasema, "Mwambie nimeacha."